Wingi wa Kura Si Ruhusa ya Ubabe



Februari 2011, maseneta 14 wa chama cha Democratic walilihama jimbo lao la Wisconsin, Marekani, wakakimbilia Illinois. Nia yao ilikuwa kuinyima Seneti akidi, isipitishe mswada wa kuwapunguzia watumishi wengi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Republican walikuwa 19. Miswada ya fedha ilihitaji wajumbe 20. Tarehe 9 Machi waliviondoa vifungu vya fedha, wakaupitisha kwa kura 18 dhidi ya 1, huku umati ukilalamika mjini Madison.

Je, hiyo ndiyo demokrasia? Ajuaye kuhesabu vichwa sharti asikilize vinywa. Tukeshe, wala tusinyamaze!