Vipuri vya baiskeli: Wafanyabiashara wa mpakani, tuuzieni kwa namba si kwa majina

NDUGU zangu mnaovuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma kutafuta riziki, leo nina jambo nanyi. Nina jambo pia na ninyi mliorejea nyumbani: ninyi wa 1972 mliorudi mwaka 2008 na 2009 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ninyi wa Nyarugusu na Nduta mliorudi tangu 2017, na wale wachache waliotoka Ulaya. Jambo lenyewe ni baiskeli. Si baiskeli yoyote, bali ile ya mbio ya chuma, ya zamani, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na matairi membamba.

Ukitoka Bujumbura kuja Rumonge kwa barabara ya ziwani, ukifika Magara utaziona bado. Moja imefungwa karia ya nondo na inabeba dumu la mawese. Nyingine ina tenga la ndagala. Ya tatu imeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu yake, na ukimuuliza mwenyewe atakujibu kwa mkato: "Hiyo haina spea."

Mimi ninayo moja, Peugeot, na ninaipanda mpaka leo. Kwa hiyo naomba nieleweke nikisema kwamba jibu hilo si sahihi. Spea zipo, tena nyingi zipo karibu kuliko tunavyodhani. Kinachokosekana ni vipimo. Tunanunua kwa majina, tunauza kwa majina, na fundi naye analazimisha kwa nyundo kile ambacho jina limemdanganya.

Chukua tairi. Mteja anamwambia mfanyabiashara, "Niletee tairi la ishirini na nane." Mfanyabiashara, mtu mwaminifu kabisa, anafika Kigoma, ananunua tairi la 28, anavuka nalo mpaka, analipia usafiri, na likifika Magara haliingii kwenye rimu, linapwaya kama kofia ya babu kichwani kwa mjukuu. Ugomvi unaanza. Mmoja anadai fedha yake, mwingine anasema ameleta alichoagizwa. Na wote wawili wana haki!

Kwa nini? Kwa sababu "28" ni jina, si kipimo. Tairi la Phoenix ya Kichina au Hero ya Kihindi, lile la 28 kwa 1½, kipenyo chake pale linapokalia rimu ni milimita 635. Tairi la baiskeli ya mbio ya Kifaransa, ambalo Wafaransa waliliita 700C na ambalo baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya leo zinaandikwa vilevile 28, ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Halafu kuna baiskeli za mbio za Kiingereza za zamani, zenye tairi la 27 kwa 1¼, ambazo kipimo chake ni 630. Ona maajabu: 27 ni kubwa kuliko baadhi ya 28! Mtu akikuvalisha tairi la 630 kwenye rimu ya 622 litazunguka vizuri pale dukani, lakini ukilijaza upepo wa kutosha ukateremka nalo kutoka milima ya Bururi kuja Rumonge, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, likichomoka huko njiani sijui nani atakuokota.

Namba ya kweli imeandikwa ubavuni mwa karibu kila tairi linalotengenezwa siku hizi, kwa herufi ndogo ambazo hatuna mazoea ya kuzisoma: 28-622, 37-622, 40-635. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo. Mfanyabiashara anayeagizwa tairi aombe ile namba ya pili. Kama tairi la zamani limefutika, apime rimu.

Wenye baiskeli za matairi ya kubandika kwa gundi, yale yanayoitwa boyau, nawashauri wasihangaike. Gundi yake ni shida na tairi lenyewe ni shida zaidi. Tafuteni rimu ya kawaida ya 622 yenye idadi ileile ya matundu ya spoku (hesabuni matundu kabla ya kulipa, tafadhali), fundi aisuke kwenye habu yenu ya zamani. Breki zitafika palepale au karibu na palepale.

Sasa nije kwenye ugonjwa mkubwa, ule unaoua fremu nyingi kuliko kutu. Ni hesi, yaani mifereji ile ambayo kitu hujisokotea ndani yake. Baiskeli ya Kiingereza, na karibu zote za China na India zilizofuata, bomba la chini linalobeba ekseli ya pedali lina hesi ya inchi 1.37, mistari 24 kwa inchi, na kikombe cha upande wa mnyororo hufungwa kwa kuzungusha kinyumenyume. Mfaransa yeye alikuwa na yake: milimita 35, hatua ya milimita 1, na vikombe vyote viwili vinafungwa kwa kulia kama nati ya kawaida. Mtaliano naye ana milimita 36 na mistari 24 kwa inchi, kulia kote. Na hata ndani ya Peugeot zenyewe zipo zilizotoka na hesi ya Kiswisi, ambayo ni ile ya Kifaransa lakini upande wa mnyororo unafungwa kinyume. Ndiyo maana nasema jina lililoandikwa kwenye fremu halitoshi.

Matokeo yake tunayaona. Kijana wa taksi-velo analeta Peugeot, ekseli inacheza. Fundi anachukua vikombe vya Phoenix. Cha kushoto kinaingia mizunguko miwili kikiwa kimepwaya, kisha kinakwama. Cha kulia hakiingii kabisa kwa sababu hesi zinakwenda njia tofauti. Fundi hapendi kushindwa mbele ya mteja. Anapiga nyundo, na nyundo ikishindwa anawasha mashine ya kuchomelea. Kikombe kinakaa, siku hiyo. Baada ya miezi michache gololi zimeisha, kikombe hakitoki tena, na fremu iliyobaki nzima tangu enzi za Eddy Merckx, yule Mbelgiji aliyeshinda Milan–San Remo mwaka 1966 na 1967 akiwa katika timu ya Peugeot, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fremu nzuri ya mbio ina uzito wa kama kilo mbili tu. Kilo mbili za chuma chakavu zinanunua nini?

Siwalaumu mafundi peke yao. Fundi wa chini ya mwembe hana vernia ya kupimia, na hakuna aliyemwambia kwamba mataifa ya Ulaya hayakukubaliana hata juu ya skrubu. Lakini akishaambiwa, nyundo haina udhuru.

Na dawa ni ipi? Hapa ndipo penye habari njema. Vile vitu vikubwa vinavyotofautiana kati ya Mfaransa na Mwingereza, vikombe na ekseli, huchukua miaka mingi sana kuisha kama vina grisi. Vinavyoisha haraka ni gololi, na gololi hazina uraia. Kwenye ekseli ya pedali ni gololi za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande. Gurudumu la nyuma ni robo inchi pia, 9 kila upande. La mbele ni 3/16, kwa kawaida 10 kila upande. Ni hizihizi zinazouzwa Rumonge sokoni kwa ajili ya Phoenix. Kwa hiyo fungua, osha kwa mafuta ya taa, weka gololi mpya na grisi, rudisha vikombe vyako vya Kifaransa vilevile. Kazi imekwisha na hukuvuka mpaka.

Mnyororo? Ule mnene wa Phoenix haukufai kama baiskeli yako ina giya, ingawa urefu wa pingili ni uleule nusu inchi. Tafuta mwembamba wa baiskeli za mlimani zenye giya sita, saba au nane nyuma. Huo unafanya kazi hata kwenye giya tano za zamani. Nyaya za breki angalieni kichwa chake: cha breki za mlimani ni kama kipande cha penseli kilicholala, cha baiskeli ya mbio ni kama pea ndogo. Mikono ya pedali ya Kifaransa ina tundu la milimita 14, ya Kiingereza ni 9/16 ya inchi, ambayo ni kama milimita 14.3. Kwa tofauti hiyo ndogo, fundi mwenye tepu ya 9/16 (ziko mbili, ya kulia na ya kushoto) anaweza kupanua tundu vizuri kabisa na ukafunga pedali yoyote ya dukani. Hiyo si kulazimisha, hiyo ni kazi ya ufundi. Shingo ya usukani ya Kifaransa ni milimita 22.0 na ya wengine ni 22.2, msasa na subira vinatosha. Nguzo ya tandiko ikipwaya kidogo, bati la kopo la bia, ambalo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, huzungushwa mara moja na nguzo inakaa.

Lakini friwili sitaki utani nayo. Ya Kiingereza inaingia kwenye habu ya Kifaransa ikiwa imelegea, unadhani umepata, unapanda kilima cha kwanza na hesi zote zinakatika. Hapo ni kutafuta ya Kifaransa au kubadili gurudumu zima la nyuma. Na gurudumu jipya likiwa pana kwa milimita nne, fremu ya chuma hufunguliwa taratibu, kwa mikono na kwa kipimo, ikalipokea. Jaribu hilo kwenye fremu ya alumini uone.

Wapo watakaosema: yote haya ya nini? Si ununue mpya? Ndugu yangu, mwaka 2024 na 2025 tumekaa foleni za petroli mpaka watu wakalala vituoni, na nauli ya Magara kwenda mjini ikawa ya kukisia. Aliyekuwa na baiskeli nzima alifikisha samaki wake. Aliyekuwa na baiskeli iliyolala kwa ajili ya gololi za bei ya chai alikaa nyumbani, na samaki hasubiri. Kwa mtu aliyerudi akakuta shamba lake lina mgogoro, ambalo kwa Rumonge wala si jambo la kushangaza, baiskeli ndiyo shamba la kwanza. Unamwambia anunue mpya kwa fedha ipi?

Nirudi kwenu wafanyabiashara. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024, njia ya Kigali ilikatika kwa wengi, na mzigo wa matumaini ukahamia Kigoma. Mnaleta makarai, vitenge, unga, betri. Vipuri vya baiskeli mnaleta kwa kuagizwa kimojakimoja, na ndiyo maana mnapata hasara kila mkikosea. Sanduku moja la vitu vidogo halina hasara: gololi za robo, za 3/16 na za 5/32 kwa ajili ya shingo ya usukani, mipira ya breki, nyaya za vichwa vyote viwili, matairi machache ya 622 membamba. Nyie wenye kutegemea hati rahisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000, kumbukeni kwamba hati ile ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Tairi la India halihesabiki humo hata likinunuliwa Kigoma. Ulizeni ushuru kabla ya kupakia, wekeni kwenye bei, msije mkamgeukia mteja.

Vikombe vya Kifaransa, friwili ya Kifaransa na giya za Simplex, ambazo plastiki yake huvunjika ikizeeka, hivyo sitawadanganya kwamba mtavikuta Kigoma. Hivyo ni kazi ya shemeji aliyeko Brussels au Lyon. Ulaya watu wanafungua baiskeli hizi na kuuza kimojakimoja, na kikombe kinaingia kwenye soksi ndani ya sanduku la msafiri. Ila usimtumie ujumbe kwamba unataka "kikombe cha Peugeot". Atakuletea kikombe cha kahawa.

Jambo moja la mwisho kwa walioko kandokando ya maji. Ziwa lilipofurika mwaka 2024, baiskeli nyingi zilikaa majini siku kadhaa, na wenyewe wakazifuta kwa kitambaa wakaridhika. Maji yaliingia kwenye mabomba kupitia nguzo ya tandiko na yakashuka kukaa palepale kwenye ekseli ya pedali. Chomoeni nguzo, pindueni baiskeli miguu juu, mimineni maji, kisha mafuta kidogo ndani. Fanyeni hivyo kabla ya kumwona fundi. Na mkienda kwa fundi, au kwa mfanyabiashara anayevuka kesho, mpeni karatasi iliyoandikwa: tairi 622 au 630 au 635, matundu ya spoku mangapi, kikombe cha upande wa mnyororo kinafunguka kwa kwenda wapi, nguzo ya tandiko milimita ngapi.