Mizani ya Kumtafuta "Mwanafunzi Bora" Ina Kasoro

Mcheza kwao hutunzwa, na sina ugomvi wowote na shule zinazowatuza wanafunzi wao. Siku ya kutoa zawadi ni siku adhimu. Wazazi huvaa nguo zao za Jumapili, kwaya huimba, na mwana wa mkulima huitwa jina lake mbele ya kadamnasi kwa jambo la heri. Ugomvi wangu ni na mizani inayotumiwa kumteua huyo anayeitwa "mwanafunzi bora", kwa sababu nimeiona kwa macho yangu, na haipimi kile tunachodhani inapima.

Mwishoni mwa muhula wa pili nilialikwa kuwa mgeni wa heshima katika shule moja ya upili ya wasichana, wakati wa sherehe ya kuwaaga watahiniwa wa Kidato cha Nne. Kabla ya kwenda uwanjani tulikaribishwa chai katika chumba cha walimu, ambamo orodha ya alama za mtihani wa majaribio ilikuwa imebandikwa ukutani. Wa kwanza alikuwa amepata 611 kati ya 800, na wa pili 609. Yule wa kwanza angetunukiwa kikombe, cheti, na karo ya muhula wa tatu ambayo mfadhili mmoja alikuwa amejitolea kuilipa. Wa pili angepewa kalamu. Mwalimu wa darasa alininong'oneza kwamba huyo wa pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara mbili mwaka huo.

Alama mbili! Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, niliomba nionyeshwe insha zao. Walimu wenzangu wanajua kwamba mtihani wa Kiswahili una karatasi tatu: Insha yenye alama 40, Lugha yenye alama 80, na Fasihi yenye alama 80. Jumla hiyo ya 200 hugawanywa kwa mbili ili kupata asilimia. Wasichana hawa walikuwa katika mikondo tofauti, na kila mkondo ulikuwa na mwalimu wake wa Kiswahili. Mmoja alikuwa amempa mwanafunzi wake 17 kati ya 20 katika kila insha. Wa pili, ambaye nilielezwa kwa fahari kwamba hajawahi kumpa mtu yeyote zaidi ya 15, alikuwa amempa wake 15 na 15. Nilizisoma insha zote nne nikiwa nimesimama, chai ikinipoa mkononi, na kwa haki ya taaluma yangu nisingeweza kuzitofautisha hata kwa alama moja. Sasa piga hesabu, ndugu msomaji. Alama nne katika 200 ni alama mbili katika 100. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwapo baina ya kikombe na kalamu.

Simlaumu mwalimu mkali wala yule mpole. Insha haipimwi kwa rula. Ndiyo maana katika usahihishaji wa mitihani ya kitaifa watahini hukutana kwanza, wakasawazisha viwango vyao, kisha ndipo wakashika kalamu nyekundu. Shuleni kila mwalimu husahihisha peke yake usiku, akiwa amechoka, halafu tunazijumlisha alama zake na za mwenzake kana kwamba zimetoka katika mizani moja.

Isitoshe, mmoja wa wasichana hao alisoma Fizikia na mwenzake alisoma Kilimo. Nani amethibitisha kwamba 70 ya somo moja ina uzito sawa na 70 ya jingine? Hata Wizara ya Elimu yenyewe imetuonyesha jinsi "ubora" unavyoitegemea kanuni ya kukokotoa. Kuanzia KCSE ya mwaka 2023, alama ya wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Kwa kanuni ya awali, Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa. Wapange wanafunzi wale wale kwa kanuni hizi mbili, na huenda nafasi zao zikabadilika bila yeyote kati yao kuongeza wala kupunguza hata chembe ya maarifa.

Hapa naomba niwe mwanaisimu kidogo. Neno "bora" katika lugha yetu halimlinganishi mtu na mwingine. Tunasema kitabu bora, vitabu bora, watu bora, na neno lenyewe halibadiliki. Ukitaka kulinganisha, huna budi kuongeza "zaidi" au "kuliko wote". Kwa hiyo shule inapoandika "Mwanafunzi Bora" kwenye cheti kimoja tu, inayafanya maneno yaseme jambo ambalo hayakulisema. Darasa laweza kuwa na wanafunzi bora kumi na wawili, au lisiwe na hata mmoja.

Nasi katika vyuo vikuu ndivyo tufanyavyo. Shahada ya daraja la kwanza hupewa kila aliyefikia wastani wa 70, wawe watatu au wawe thelathini. Kiwango hujulikana tangu siku ya kwanza, na hakuna anayenyimwa daraja lake kwa sababu jirani yake amemzidi kwa nusu alama.

Najua nitajibiwa kwamba ushindani huamsha bidii. Huenda ukawaamsha wale watano wa mbele. Msichana wa nafasi ya arobaini hakishindanii kikombe, na anajua hivyo. Hata ile tuzo ya "aliyeimarika zaidi" iliyobuniwa kwa ajili yake ina mianya yake. Mwanafunzi wangu mmoja alinikiri akicheka kwamba aliwahi kujifelisha makusudi muhula wa kwanza ili apate pa kupandia.

Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kuorodheshwa kwa shule na watahiniwa katika matokeo ya kitaifa. Kuta za vyumba vya walimu hazikuusikia mwito huo.

Nilipomweleza mwalimu mkuu hayo yote, alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Kikombe ni kimoja, Daktari." Tukatoka. Nilikikabidhi kikombe kwa aliyeitwa, naye alistahili. Mwenzake alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Wiki iliyofuata niliiandikia shule hiyo waraka. Nimependekeza kwamba kiwango cha kutuzwa kitangazwe muhula wa kwanza na kila atakayekifikia apewe cheti. Kwamba insha za watahiniwa zisahihishwe na walimu wawili bila majina. Na kwamba fedha za mfadhili ziondolewe kwenye kikombe, zigawiwe kwa kuangalia mahitaji miongoni mwa wale waliofikia kiwango. Mwalimu mkuu ameahidi kuuwasilisha katika mkutano wa walimu wa Januari. Nami nimemjulisha kwamba nikialikwa tena nitafika mapema, niizisome insha kabla ya chai.