Mizimu ya Japani Sanaa, ya Uluguru Ushirikina?

Vijana wenzangu wa Mafiga, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Mbona madaftari yetu yamejaa samurai na ninja, na milima ya Uluguru tunayoamka nayo kila asubuhi haimo?

Sina ugomvi na Wajapani. Hayao Miyazaki alipotoa Princess Mononoke mwaka 1997, hakwenda kuazima mambo Hollywood. Alichukua Japani ya kale, wafua chuma wanaofyeka msitu na miungu ya msituni inayopigwa risasi. Mwaka 2001, katika Spirited Away, akamleta mzimu wa mto uliosongwa na takataka za watu. Filamu hiyo ikapata Oscar mwaka 2003. Yale yale ya kwao!

Sasa sisi. Wazee walisimulia habari za Kolelo, mzimu wa pangoni huko Uluguru, mwenye umbo la nyoka. Wazaramo walifunga safari kutoka kwao kuja kumwomba mvua. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, jina lake lilikuwa midomoni mwa watu waliomkataa Mjerumani na kodi yake. Mizimu, maji ya dawa, bunduki: kama hiyo si filamu, ni nini? Ebrahim Hussein aliliona hilo zamani, tamthilia yake ya Kinjeketile ikachapishwa mwaka 1969. Sisi wachoraji tunangoja nini?

Utasikia, "Huo ushirikina!" Jamani! Mzimu wa Kijapani tunaukodolea macho hadi usiku wa manane, wa kwetu tunaukemea. Kumchora Kolelo si kumwabudu.

Wengine watasema hatuna studio wala fedha. Kweli, filamu ya katuni ni ghali. Lakini Nausicaä ya huyo huyo Miyazaki ilianza jaridani mwaka 1982 kama hadithi ya michoro. Filamu ikafuata mwaka 1984. Penseli Mafiga hazijakosekana.

Kisichosubiri ni wazee. Wakiondoka na simulizi zao, hata tukipewa studio kesho tutachora nini? Ninja tena?

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mkono wa kuchora tunao, na hilo ni figa moja tu. Historia na simulizi tukazitafute. Basi Jumamosi acha video, panda Matombo au Kinole na daftari. Mwamkie babu, kaa chini, funga mdomo, andika.