Kuua kwa Hila



Juma hili tumeitafakari sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka, ambamo aya ya 14 yamnyima hata kimbilio la altare mtu anayemuua mwenzake kwa hila. Mnamkumbuka Yoabu: alimwita Abneri kando langoni pa Hebroni, kana kwamba ana neno la siri, akamchoma tumboni. Miaka ilipita, akazishika pembe za altare, nazo hazikumwokoa.

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Nia ikithibitika, adhabu ni moja: kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Aliyeuawa awe adui mwenye panga au mtoto usingizini, jaji hana hiari.

Ufilipino, iliyorithi sheria ya Kihispania, inaihesabu hila miongoni mwa mambo yanayolifanya kosa la kuua kuwa kubwa zaidi. Wala si lazima pawepo urafiki uliosalitiwa. Yatosha kumshambulia mtu kwa namna inayomnyima nafasi ya kujitetea. Ndiyo maana mahakama za huko huona hila katika kila mauaji ya mtoto mdogo. Tunakiri kwamba hoja hiyo ilitugusa. Mwezi Mei 2024 mtoto wa miaka 2 mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera. Mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Angejiteteaje?

Hatuiombei kamba. Kanisa, tangu 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Hapa hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kuwa inapingana na Katiba, ingawa Mahakama ya Rufani ilimpinga mwaka 1995. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kuitoa kunakiuka haki ya kuishi.

Basi jaji na apewe hiari, na katika hiari hiyo aipime hila, aitaje kwa jina lake, aiongezee miaka ya kifungo. Wako watakaosema kwamba aliyekufa amekufa, vyovyote alivyouawa. Sisi tumeketi matangani na wazazi wengi mno kukubali hilo. Swali lao la kwanza halihusu nia ya muuaji. Huuliza kama mwana wao alimwona anayekuja.