Kufua Chuma, Kufua Istilahi: Funzo la Karakana za Kangemi

Yapo madai yanayosikika mara kwa mara vyuoni kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza sayansi ya metali mpaka kwanza kiundiwe istilahi maktabani. Madai hayo hayana mashiko. Katika karakana za jua kali za Kangemi, fundi anajua fika kuwa waya ukikunjwa ungali baridi huwa mgumu pale ulipokunjwa, na ukizidi kukunjwa hukatika. Akitaka ulainike, huupasha moto.

Ujuzi huo ndio mlango wa utafiti wa kisasa. Mnamo 2004, Brian Cantor wa Uingereza na Jien-Wei Yeh wa Taiwan, kila mmoja pamoja na wenzake, walichapisha habari za aloi za entropia ya juu: mchanganyiko usio na metali moja iliyo kuu, bali metali tano hivi au zaidi kwa viwango vinavyokaribiana. Aloi mashuhuri ya jamii hiyo ina kromi, manganizi, chuma, kobalti na nikeli.

Mwaka 2015, watafiti wa Leoben, Austria, na wenzao walieleza yaliyotokea aloi hiyo iliposokotwa chini ya shinikizo kubwa mno. Fuwele zake zilipondeka hadi kufikia nanomita 50 hivi, na ugumu wake ukapanda kutoka takriban 160 hadi 520 kwa kipimo cha Vickers. Mipaka ya fuwele huzuia tabaka za atomi kuteleza. Fuwele zikipungua ukubwa, mipaka huongezeka. Ajabu ni kwamba ilipopashwa moto wa nyuzi 450 za Selsiasi haikulainika. Ugumu ulifika 910, kwa kuwa baadhi ya metali zilijitenga na kuunda vijisehemu vipya. Lakini aloi ikawa nyepesi kuvunjika.

Kukunja, kusokota, kuponda, kupasha: yote ni maneno ya karakana. Kazi iliyobaki ni kuyawekea mipaka. Ugumu si uimara. Kilicho kigumu huweza kuvunjika kwa pigo moja. Mwanafunzi asiyetofautishiwa maneno hayo mawili ataisoma namba 910 kama sifa tupu. Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili havina budi kuwaketisha mwanaisimu, mhandisi na fundi pamoja. Kamusi inayompuuza fundi humfanya mwanawe aione sayansi kuwa mali ya wageni, ilhali ameisikia nyumbani tangu utotoni.