Mashine ya kufulia: kaka, hiyo ya mlango wa kioo baki nayo Dubai

Jamani, nimekuwa kimya wiki mbili nzima. Si safari, si homa, wala si siasa. Ni nguo chafu. Nyumbani kwetu kumekuwa na mjadala mkali kuliko wa Baraza la Wawakilishi, na ajenda ni moja tu: tununue mashine gani ya kufulia?

Chanzo ni mikono ya mama. Vifundo vinamuuma, na daktari kamwambia habari ya kukamua nguo aiache. Sasa nyumba ina watu saba. Kuna kanzu za baba, mabuibui, sare za skuli za watoto wa dada, mashuka, na kanga ambazo idadi yake anaijua Mungu na mama. Yupo bi mkubwa mmoja anayekuja kutufulia kila Jumamosi, lakini naye umri umekwenda, wiki hii yupo, wiki ijayo kiuno kimemkamata. Na mimi? Mimi nafua jinzi zangu mbili na fulana, nikimaliza natembea kama niliyeikomboa nchi.

Basi tukachanga. Mama alitoa zamu yake ya mchezo, dada akatoa, mimi nikatoa kimshahara changu cha uandishi (msicheke). Tukafika laki tano na nusu. Hapo ndipo kaka yangu anayefanya kazi Dubai akaingia kwa simu: "Nunueni ile ya mlango wa mbele, ya kisasa. Hiyo ya mapipa mawili ni ya kizamani, mtanitia aibu." Eti aibu!

Kabla sijamjibu, ngoja niwape kisa. Hii si mashine yetu ya kwanza. Mwaka 2021 tulinunua ya mtumba iliyotoka Japani, duka silitaji. Ilikuwa nzuri, nyeupe, imya kama paka. Vitufe vyote vimeandikwa Kijapani, mama akavipa majina yake: cha kwanza, cha pili, na kile cha usikiguse. Tatizo ni kwamba umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Muuzaji alitupa transfoma ndogo, inachemka kama pasi. Tukaishi hivyo miezi minne. Siku moja mtoto wa dada akaona plagi imechomolewa, akaitia moja kwa moja ukutani, tena kwa nia njema kabisa. Moshi ulitoka, na harufu yake ilikaa wiki. Fundi alifungua, akatikisa kichwa, akasema bodi imekwenda, na bodi kama ile hapa Unguja ataitafuta wapi?

Kwa hiyo mdau unayezunguka Darajani na Mlandege na pesa mfukoni, la kwanza kabisa igeuze mashine, soma kile kibandiko cha nyuma. Kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Ukiona 100, au 110 na hezi 60, hata akikupa kwa nusu bei na soda juu, sema ahsante uondoke. Ya kutoka Dubai au Oman haina tatizo hilo, umeme wao na hata plagi yao ya miguu mitatu ni kama yetu. Hapo kaka yuko sawa, nampa haki yake.

Sasa turudi kwenye aibu. Mimi nasema kwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na za Ng'ambo pia, yenye akili ni hiyo hiyo ya mapipa mawili: pipa moja la kufulia, jengine la kukamulia. Na sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi tu, ingawa rahisi ni kweli. Nimezunguka maduka sita. Ya mapipa mawili ya kilo saba nimeikuta kwa bei iliyo ndani ya mfuko wetu na chenji ikabaki. Za mlango wa mbele nilizoziona zote zilianzia juu ya laki nane.

Fikirini maji kwanza. Mashine ya otomatiki inajivutia maji yenyewe, na ili vali yake ifunguke vizuri inataka presha. Kila mita moja ya kimo cha tangi inakupa takriban sehemu moja ya kumi ya baa. Mashine nyingi zinataka sehemu tatu hadi tano za kumi, maana yake tangi likae mita tatu mpaka tano juu ya mashine. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, tangi liko juu ya paa karibu kabisa na vichwa vyetu. Mashine ingekaa pale inasubiri maji kama abiria wa daladala saa ya magharibi, halafu itoe alama ya kosa na kuzima. Na maji yenyewe hayaji kila saa, hilo nani asiyelijua? Ya mapipa mawili haina habari ya presha. Unamimina kwa ndoo au kwa mpira, imekwisha.

Nikiri ubaya wake lakini. Inakula maji. Ya mlango wa mbele inafua kwa lita 50 hivi mzunguko mzima, ambazo ni ndoo mbili na nusu. Hii, ukijaza mara moja kwa sabuni na mara mbili kwa kusuuza, unafika ndoo saba. Dawa yake bibi zetu waliijua zamani kwenye beseni: maji ya sabuni hayamwagwi. Zinaanza nyeupe, zinafuata za rangi, zinamalizia jinzi na vitambaa vya jikoni, maji yale yale. Jaribu kuifanya otomatiki ikuachie maji yake uone.

Halafu maji yetu yana chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na ukitaka ushahidi angalia ndani ya birika lako, yale magaga meupe. Magaga hayo hayo yanashika hita ya mashine ya mlango wa mbele mpaka inakufa. Ya mapipa mawili haina hita. Na hita ndiyo mla umeme mkubwa: ukifua kwa maji ya moto ya digrii 60 unaweza kumaliza karibu uniti nzima kwa mzunguko mmoja, wakati mota ya mapipa mawili, ya wati 350 hivi, ikizunguka robo saa haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Wanaonunua Tukuza kwa elfu mbili mbili watanielewa. (Ukiwa nayo ya mlango wa mbele tayari, fua kwa maji baridi. Nchi yenyewe joto hili!)

Umeme wetu nao una historia. Wenzangu wa rika langu tunakumbuka tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima gizani baada ya mitambo ya waya wa baharini wa mwaka 1980 kushindwa, na mwaka 2008 tulikuwa tumekaa gizani mwezi mzima. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013, na giza la miezi hatujaliona tena. Lakini kukatika na kurudi kwa kishindo kupo, na hicho kishindo ndicho kinachoua bodi za kompyuta ndani ya mashine. Ya mapipa mawili ina saa ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukikatika, ukirudi unaizungusha tena saa, kazi inaendelea. Hata hivyo ninunulie gadi kama ya friji, ni pesa ndogo.

Na uzito? Hili kaka hakulifikiria kabisa, amesahau alikozaliwa. Ya mlango wa mbele ina tofali la zege ndani yake, si utani, limewekwa ili isirukeruke ikikamua. Inafika kilo 60 na zaidi. Sakafu zetu za juu ni boriti za mikoko, chokaa na mawe, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, boriti haiwi ndefu kuliko mti wake. Nyumba nyingi zina zaidi ya miaka mia. Tulioishuhudia Beit el Ajaib, iliyojengwa 1883, ikianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 hatuzitazami tena sakafu kwa macho yale yale. Sisemi mashine itaangusha nyumba. Nasema kitu kizito kilichojaa maji kikitetemeka juu ya boriti iliyoliwa na mchwa, mimi sitalala chini yake. Ya mapipa mawili ni plastiki, hamali mmoja anaipandisha ngazi huku anaimba, na plastiki haina kutu ya hewa ya bahari.

Swali nililomuuliza fundi wangu wa Mwanakwerekwe ni hili: ikiharibika utafanyaje? Akanionesha. Mkanda, kapasita, saa, sili ya pipa la kukamulia, vyote vinabadilishika na vipuri vinapatikana. Akaniambia niulize mota kama ina waya wa shaba au aluminiamu, ya shaba inavumilia zaidi. Za mlango wa mbele nyingi siku hizi pipa lake limeunganishwa kwa joto, halifunguki, beringi ikifa unaambiwa nunua pipa zima. "Bwana mwandishi," akasema, "mimi sitaki pesa ya kukuambia haitengenezeki."

Kuna daktari Mswidi, marehemu Hans Rosling, aliyewahi kufanya kazi Nacala, Msumbiji. Mwaka 2010 alitoa hotuba akaeleza jinsi bibi yake alivyokaa kitini kuitazama mashine ya kwanza ya familia ikifua mzunguko mzima, na jinsi mama yake alivyopata wakati wa kumpeleka maktaba. Niliitazama na dada. Nilidhani atalia. Badala yake akaniuliza: "Wewe muda wote huo ulikuwa wapi na mikono yako?" Nikanyamaza.

Tumeinunua. Ya mapipa mawili, kilo saba, waranti imepigwa muhuri wa duka na tarehe (sisitizeni muhuri, risiti tupu haitoshi). Kilichobaki ni yule bi mkubwa. Kaka anasema tumuachishe, ndiyo faida ya mashine. Mama kakataa. Bi mkubwa ataendelea kuja Jumamosi kwa ujira ule ule, ataisimamia mashine, atasuuza na kuanika, na kanga mpya zitaendelea kufuliwa kwa mkono mpaka zimalize kuchuja. Kaka akasema huo ni ujinga, unanunua mashine halafu unalipa mtu. Mama akamjibu kwenye simu: "Mashine yenu inapanda juu ya paa kuanika?"

Jumamosi hii ndiyo ya kwanza. Maji mtaani kwetu yanafunguliwa alfajiri, na zamu ya kujaza mapipa nimepangiwa mimi.