Sadaka ya Kile Tukipendacho



Majikoni mwetu hakukosekani kipande cha magadi cha kulainishia maharage yaliyokataa kuiva. Lakini ni mara chache tunalikumbuka Ziwa Magadi lenyewe, lililoko Kajiado, chini kabisa katika Bonde la Ufa. Tangu mwaka 1911 kampuni imekuwa ikichimba magadi huko, nayo hushuka kwa reli hadi bandari yetu ya Mombasa, yakaenda kutengenezea sabuni na vioo, vikiwemo vioo vya magari. Ajabu ya nchi ile ni kwamba ziwa lipo na kiu ipo, kwa kuwa maji yake hayanyweki. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na wafugaji wa Kajiado wakaishuhudia mifugo yao ikifa.

Tumeanza na kiu hiyo ili tupate kuzungumza juu ya gari.

Mwaka 2015 alifariki Mwingereza mmoja, Richard Colton, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa magari ya kale. Katika wasia wake aliacha magari mawili ya Kiitaliano ya mwendo wa kasi, aina ya Ferrari, moja la mwaka 1960 na jingine la mwaka 1967, yapewe taasisi ya mashua za uokoaji ya Uingereza, ambayo tangu mwaka 1824 huwaokoa watu baharini. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule magari hayo yalinadiwa huko Duxford. La kwanza lilipata pauni milioni 6.6 na la pili pauni milioni 1.9 na ushei.

Sisi watu wa pwani, tunaojua uchungu wa kungoja chombo kisichorudi, hatuhitaji kuelezwa thamani ya mashua ya uokoaji. Lakini tuzingatie jambo moja: hakuna mwokoaji aliyehitaji Ferrari. Alichohitaji ni mashua, injini na jaketi la kuelea. Mwenye mali alitoa alichokipenda, na kilichopendwa kikageuzwa kuwa kinachohitajika. Hayo ni mambo mawili, na sadaka nyingi hupungukiwa na moja kati yake.

La kwanza tumefundishwa katika Suratu Aal Imran, aya ya 92, kwamba wema kamili haufikiwi ila kwa kutoa katika tuvipendavyo. Abu Talha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoisikia aya hiyo alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaitoa Bayruha, shamba lake la mitende alilolipenda kuliko mali yake yote. Mtume alimwelekeza awape jamaa zake. Basi kabla ya kuitazama Magadi, tumtazame kwanza shangazi mjane na mtoto wa ndugu aliyekwama ada ya shule. Tena tujiulize kwa haki: nguo tunazozipeleka kwa mayatima, je, tungewavisha watoto wetu siku ya Idi?

La pili ni kujua haja ya anayepewa. Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake na kuuliza sadaka iliyo bora, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa niaba yake. Katika nchi kavu kama Magadi hatuoni sadaka iliyo karibu zaidi na mafundisho hayo. Wala tusiseme kwamba wengi wa watu wa huko si Waislamu. Sadaka ya hiari haifungwi na mpaka huo, na tumefundishwa kuwa hata kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna ujira.

Hata hivyo, tusikurupuke na mashine ya kuchimbia. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya ardhini yana chumvi au floridi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Yapasa kuwauliza wenyeji kwanza na kuyapima maji. Huenda tangi kubwa la kukingia maji ya mvua kwenye paa la shule likafaa kuliko kisima. Na zitengwe fedha za matengenezo, kwani pampu iliyokufa haimnyweshi mtu.

Sasa turudi nyumbani. Huenda katika ua wa baadhi yenu limelala gari la mzee chini ya turubai, na mzee anasema litakuwa sadaka yake. Nia hiyo ni njema, lakini iandikwe na ishuhudiwe mapema. Sheria yetu imeweka mpaka: wasia usizidi thuluthi ya mali baada ya kulipwa madeni, ila warithi wenyewe waridhie. Saad bin Abi Waqqas alitaka kuusia zaidi ya hapo, Mtume akamzuia, akimfundisha kuwa ni bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiomba watu. Gari likithaminiwa mapema, ndugu hawatagombana matangani. Na mwenye afya ana fursa bora zaidi: atoe sasa, kwa mkono wake, ayaone maji yakitoka.

Nanyi mama zetu, msidhani maneno haya ni ya wenye magari tu. Siku ya Idi Mtume alipowahimiza wanawake kutoa sadaka, walivua vipuli na pete zao wakavitupa katika nguo ya Bilal. Dhahabu yako ni mali yako. Ile bangili moja uipendayo, ikiuzwa kwa bei ya haki, yaweza kuwa mfereji wa paa na tangi kwa watoto usiowajua, na ujira wake ukaendelea kukufikia ukiwa kaburini.

Allah atujaalie mikono mikunjufu na atukubalie kilicho kizuri katika tulivyo navyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.